Kina Giuseppe wa Italia: kuanzia aliyeivamia Sicily na watu elfu moja mpaka mwenye jina lake pale San Siro

Mzee wa Ramani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, mwenye siti akae, uzi una urefu kidogo. Ukiwapanga watu wazito wa Italia kuanzia siasa, vita, muziki, sayansi, dini mpaka mpira utakuta jina Giuseppe linajirudia mpaka unajiuliza hawa watu hawakuwa na majina mengine? Giuseppe ndo Yosefu au Yusufu wetu, wenyewe wanalikatakata wanaita Beppe, Peppe, Peppino, Pino, hata yule mzee Geppetto aliyemchonga Pinocchio ni Giuseppe huyohuyo kwa kudekezwa. Kwa desturi, hasa kule kusini, mtoto wa kwanza wa kiume anabeba jina la babu mzaa baba, sasa babu akiwa Giuseppe basi ukoo mzima unazungukia hapohapo, ongeza na mtakatifu Yosefu ambaye sikukuu yake 19 Machi ndo siku ya kina baba kule kwao, unapata picha.

Ila wingi sio hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba nchi yenyewe ya Italia ilisukwa na kina Giuseppe watatu waliozaliwa ndani ya miaka minane tu, Mazzini 1805, Garibaldi 1807 na Verdi 1813. Mmoja aliandika, mmoja akashika bunduki, mmoja akatunga muziki. Na kinachonifurahisha zaidi ni kwamba wawili kati yao kwenye vitabu vya serikali hawakuandikwa Giuseppe kabisa. Enzi hizo Napoleon ndo alikuwa anatawala sehemu kubwa ya huko, kwahiyo Garibaldi kule Nice aliandikwa Joseph-Marie na Verdi kule kijijini Le Roncole karani akamwandika Joseph Fortunin François, Kifaransa kitupu. Yani mashujaa wa taifa la Italia walizaliwa kama raia wa Ufaransa.

Nashusha kidogokidogo maana natumia simu.

binti_makambako

Siti ya mbele kabisa. Tiririka mkuu.

Kipara Ngoto

Mkuu kabla hujaenda mbali, unasema "ilisukwa", kwani kabla ya hapo ilikuwaje? Si Warumi walikuwepo tangu enzi za Yesu

Mzee wa Ramani

Swali zuri Kipara. Warumi walikuwepo ila dola yao ilianguka zamani sana, baada ya hapo likabaki jina la mahali tu. Miaka ya 1830 ukitoka kaskazini kwenda kusini unavuka mipaka kibao: Milan na Venice ziko chini ya Austria, Torino kuna mfalme wa Sardinia, katikati kuna vitemi vidogovidogo na eneo kubwa la Papa lenye Roma ndani yake, halafu Naples na Sicily kuna wafalme wa ukoo wa Bourbon. Kila mmoja na ushuru wake, askari wake na polisi wa siri wake. Ukisema hadharani kwamba hawa wote ni nchi moja unakula kifungo.

Sasa hapo ndo anaingia Giuseppe wa kwanza, Mazzini, mtoto wa daktari kutoka Genoa. Huyu alikuwa msomi wa sheria, mwembamba, anavaa nguo nyeusi tu maisha yake yote kwa madai kwamba anaomboleza nchi yake, sigara haitoki mdomoni. Alishawekwa ndani kwa harakati akakimbilia Marseille na 1831 akaanzisha chama cha siri kinaitwa Giovine Italia, Italia ya Vijana, lengo ni Italia moja tena jamhuri, bila mfalme, bila Papa mtawala. Kila jaribio lake la mapinduzi lilifeli. Nasema kila moja. Wenzie wakanyongwa na kupigwa risasi, yeye akahukumiwa kifo akiwa hayupo, akaishia London kuanzia 1837 anaishi vyumba vya kupanga na kuandika barua usiku kucha, maelfu ya barua. 1841 akafungua shule ya bure pale London kwa ajili ya watoto wa Kiitaliano waliokuwa wanatumikishwa barabarani kupiga vinanda vya kuzungusha mkono.

Mimi binafsi huyu ndo namkubali kuliko wote watatu, na najua wengi mtanipinga. Mtu aliyefeli kila kitu kwa vitendo lakini wazo lake likawaingia watu mpaka wakapatikana wa kulitekeleza. Na lilipotekelezwa likatekelezwa sivyo, nchi ikaungana chini ya mfalme. 1866 watu wa Messina walimchagua kuwa mbunge wao huku hukumu ya kifo bado inamning'inia, bunge likaufuta uchaguzi. 1872 akafia Pisa, ndani ya nchi aliyoiota ujana wake wote, akiwa amejificha kwa jina la kizungu la Brown.

Kipara Ngoto

Duh, mtu kafia nchini kwake kwa jina bandia

jeshi_stars

Mazzini alikuwa mtu wa maneno tu mkuu, tusidanganyane, maneno bila bunduki ni kelele. Lete Garibaldi

Mzee wa Ramani

Haya jeshi stars, huyu hapa wako.

Garibaldi alikuwa baharia, baba yake naye wa majini. Na hapa ndo utaona Mazzini hakuwa kelele, maana ni maneno yake ndo yalimpata huyu jamaa, 1834 akajiingiza kwenye uasi wa Genoa uliopangwa na watu wa Mazzini, ukabuma, naye akahukumiwa kifo akiwa hayupo. Akakimbilia Amerika Kusini. Kule alikaa miaka 12 hivi anapigana vita za watu, kwanza na waasi wa Rio Grande do Sul dhidi ya dola ya Brazil, halafu akaitetea Uruguay pale Montevideo akiongoza kikosi cha Waitaliano, na ndo huko mashati mekundu yalipoanzia. Huko huko akampata Anita, mwanamke wa Kibrazili aliyekuwa anapanda farasi na kupigana sambamba na mumewe, sio wa kukaa nyuma kupika. 1849 wote wakawa Roma. Papa alikuwa amekimbia, Jamhuri ya Roma imetangazwa, Mazzini ni mmoja wa viongozi watatu wa juu na Garibaldi yuko mlimani Gianicolo anawazuia Wafaransa waliokuja kumrudisha Papa. Hiyo ndo ilikuwa mara yao kubwa ya kuwa upande mmoja kwa vitendo. Ikadumu miezi mitano tu. Wakati wa kutoroka Anita alikuwa mjamzito na anaumwa, akafia karibu na Ravenna, na Garibaldi hata muda wa kumzika mkewe hakupata maana Waaustria walikuwa nyuma yake.

Baada ya hapo jamaa akafulia haswa. Alienda New York akakaa Staten Island kwa Muitaliano mwenzie Antonio Meucci, huyu Meucci ndo yule wanayesema alitengeneza simu kabla ya Bell, jenerali mzima akawa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mishumaa.

Halafu 1860. Hii ndo inayomfanya awe Garibaldi. Usiku wa kuamkia 6 Mei akaondoka Quarto karibu na Genoa na meli mbili za mvuke, Piemonte na Lombardo, zilizochukuliwa kwa kuigiza wizi, ndani yake watu elfu moja na ushee, wanasheria, madaktari, wanafunzi, wasanii, wengi hawajawahi kupigana, bunduki zenyewe za kizamani. Tarehe 11 wakatua Marsala, Sicily. Mfalme wa Bourbon alikuwa na wanajeshi zaidi ya elfu ishirini kisiwani. Tarehe 15 wakashinda Calatafimi, mwisho wa mwezi wako Palermo, watu wa Sicily wanajiunga njiani maana walikuwa wamechoka na huyo mfalme, na tarehe 7 Septemba Garibaldi akaingia Naples, mji mkubwa kuliko yote Italia wakati huo, kwa treni. Narudia, kwa TRENI. Jeshi lake alikuwa ameliacha nyuma, yeye na wenzie wachache wamekaa kwenye behewa, askari wa mfalme bado wako ngomeni na bunduki zao na hakuna aliyefyatua.

jeshi_stars

🔥🔥🔥 Mwamba huyo. Sasa mbona hakuwa rais

Mzee wa Ramani

Kwasababu tarehe 26 Oktoba alikutana na mfalme Vittorio Emanuele, yule wa Sardinia anayekaa Torino, karibu na Teano akamkabidhi nusu ya Italia nzima, bure. Nishani na vyeo akavikataa, akachukua gunia la mbegu akarudi kisiwani kwake Caprera kulima na kufuga. Punda wake mmoja alimpa jina la Papa wa wakati huo, Pio Nono, chuki yake na Papa haikuwa ya kificho. Kilichomuuma ni kwamba mwaka huohuo 1860 serikali ya Torino iliwapa Wafaransa mji wa Nice kama malipo ya msaada wa vita, yani kaunganisha nchi halafu kwao kwenyewe kumeuzwa. 1861 watu wa Lincoln wakamfuata aje kupigana vita ya Marekani, akasema sawa ila nataka niwe amiri mkuu na niwe na mamlaka ya kutangaza kufuta utumwa, dili likafa.

Kwa wapenzi wa ligi ya Uingereza, zile jezi nyekundu za Nottingham Forest zinatokana na huyu mzee. Klabu ilianzishwa 1865 wakati Garibaldi ndo habari ya mjini Uingereza nzima, mwaka mmoja kabla alikuwa ametembelea London na umati ukajaa barabarani, wakachagua rangi ya mashati yake, mpaka leo wanaiita nyekundu ya Garibaldi.

Nerazzurri wa Temeke

Hii ya Forest sikuijua aisee. Ila mkuu umetuzungusha Roma mpaka Brazil, kichwa cha uzi umeandika San Siro. Naomba ruhusa niichukue hiyo sehemu maana mimi ni Inter damu.

Mzee wa Ramani

Chukua mzee, mimi nakunywa chai.

Nerazzurri wa Temeke

Wengi wanajua San Siro ni jina la mtaa, uwanja wenyewe ulifunguliwa 1926 kama mali ya klabu ya AC Milan, hilo wapinzani wasinikumbushe. 1980 ukabadilishwa jina rasmi ukaitwa Stadio Giuseppe Meazza, mwaka mmoja tu baada ya Meazza kufariki. Mashabiki wa Milan wanakomaa na San Siro, sisi tunaita Meazza, kwasababu zipo, japo jamaa alichezea Milan pia na hata Juventus, lakini enzi zake za moto ni Inter.

Meazza alizaliwa 1910 hapohapo Milan, baba yake alikufa kwenye vita kuu ya kwanza akabaki na mama, utoto wake ni mpira wa mtaani. Akaingia timu kubwa akiwa na miaka 17 na mchezaji mmoja mzee akalalamika siku hizi mnachukua mpaka Balilla, yani vitoto vya kile chama cha watoto cha wafashisti, jina likamganda hilohilo Balilla. Kombe la dunia 1934 yumo, 1938 yumo na ni kapteni, yote amebeba. Timu ya taifa mechi 53 magoli 33, mpaka leo aliye juu yake ni Gigi Riva peke yake mwenye 35.

Sasa stori yenyewe. Nusu fainali 1938, Marseille, Italia na Brazil. Inapatikana penalti, Meazza anaenda kupiga, lastiki ya bukta ikakatika. Jamaa akaishika bukta kwa mkono mmoja, akapiga, goli, wenzie wakamzunguka kumsitiri. Italia 2 Brazil 1. Na dikteta Mussolini ndo alikuwa madarakani kipindi hicho, kwahiyo fikiria presha ya kukosa penalti ukiwa umeshika bukta.

Giuseppe wa pili wa kombe la dunia ni Bergomi, Inter maisha yote, 1982 kacheza fainali na Ujerumani Magharibi akiwa na miaka 18 akimkaba mshambuliaji wao Rummenigge. Walimwita Zio, mjomba, kwa ajili ya masharubu, ukimwona pichani utadhani ana watoto watatu. Halafu kuna Giuseppe Baresi, Inter walimchukua yeye wakamkataa mdogo wake wakisema hana mwili. Huyo mdogo anaitwa Franco Baresi, akaenda kuwa gwiji wa Milan. Naomba tusiendelee na hilo

Rossonero1899

😂😂😂 Hapana tuendelee nalo. Asanteni sana kwa zawadi. Na huo uwanja unaouita Meazza halmashauri ya Milan 2025 imepiga kura tuuziwe sote wawili, wakijenga mpya sijui hilo jina mtalipeleka wapi.

Nerazzurri wa Temeke

Tutahama nalo wewe usijali.

Wanjiku wa Mathari

Wasee hamjambo, nasoma hii uzi kutoka Nyeri. Mmesahau Giuseppe mwenye ametugusa sisi huku kuliko hao wote, Giuseppe Allamano. Huyu ni padri wa Torino, amezaliwa 1851 kijiji kinaitwa Castelnuovo d'Asti, na ndiye alianzisha wamisionari wa Consolata 1901. Wanne wa kwanza walifika Kenya 1902, wakapokelewa na chifu Karuri huko Tuthu, Murang'a, na kutoka hapo ndio shule na mahospitali zikaanza kuenea, hata hii hospitali yetu ya Consolata Mathari. 1910 akaanzisha masista. Sista Irene Stefani, yule watu wa huku wanaita Nyaatha, aliyetangazwa mwenye heri hapa Nyeri 2015, alikuwa wa shirika lake.

Yeye mwenyewe afya yake ilikuwa mbaya, hakuwahi kukanyaga Afrika hata siku moja. Aliwatuma tu na kusoma barua zao.

Ametangazwa mtakatifu 20 Oktoba 2024, na muujiza uliokubaliwa si wa huku wala Italia, ni wa Brazil, mtu wa kabila la Yanomami anaitwa Sorino alishambuliwa na chui wa huko msituni 1996 akapasuliwa kichwa mpaka ubongo ukaonekana, masista wa Consolata wakaomba kupitia Allamano na akapona.

Na kuna jambo lingine, mama yake Allamano alikuwa dada wa Giuseppe Cafasso, mtakatifu pia, wa kijiji hichohicho. Cafasso alikuwa anakaa na wafungwa waliohukumiwa kunyongwa Torino, anawasindikiza mpaka kwenye kitanzi. Mjomba Giuseppe na mpwa Giuseppe wote watakatifu, na Don Bosco naye ni wa kijiji hicho, sema yeye ni Giovanni hayumo kwa hesabu yenu.

binti_makambako

Dada Wanjiku asante sana, umenifikia nyumbani. Hao Consolata waliingia Tanganyika 1919, Iringa, kuchukua misheni za Wabenediktini wa Kijerumani walioondolewa baada ya vita. Tosamaganga ni wao, na kule Makete kuna hospitali ya Ikonda ambayo watu wanatoka mikoa mingine kuifuata. Utoto wote nimeona picha ya huyo mzee ukutani na sikuwahi kujiuliza ni nani.

Na kwa wanawake mbona kimya? Giuseppina Bakhita mnamweka wapi? Mtoto wa Darfur, akaibwa akauzwa utumwani mara kibao, mwisho akanunuliwa na balozi mdogo wa Italia Khartoum, akaishia Italia, mahakama ya Venice 1889 ikatamka yuko huru, mwaka uliofuata akabatizwa Giuseppina. Alifariki Schio 1947 na akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Jina alilozaliwa nalo alilisahau kwa mateso, hilo Bakhita walimpa waliomteka.

Mzee wa Ramani

Dada zangu nyie ndo mmeubeba uzi sasa. Bakhita anaingia bila kupingwa, kaishi Italia zaidi ya miaka sitini.

Nirudi kwa Giuseppe wa tatu wa pale mwanzo, Verdi. Baba yake alikuwa na kigrosari cha kijijini. 1832 akaenda kuomba chuo cha muziki Milan wakamtema, umri umezidi na ushikaji wake wa piano hawakuupenda. Leo hicho chuo kinaitwa Conservatorio Giuseppe Verdi. Kati ya 1838 na 1840 akapoteza watoto wake wawili na mkewe Margherita, akasema muziki basi. Meneja wa ukumbi wa La Scala wa Milan akamlazimisha asome maandishi ya opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) moja kuhusu Wayahudi waliopelekwa utumwani Babeli, ndo ikazaliwa Nabucco, 1842. Ule wimbo wa watumwa wanaolilia nchi yao, Va pensiero, taratibu Waitaliano wakauona unawahusu wao na Waaustria. Ilipofika 1859 watu wanaandika ukutani VIVA VERDI, polisi wa Austria anaona mashabiki wa muziki, kumbe herufi zinasomeka Vittorio Emanuele Re D'Italia, mfalme wa Italia. Bunge la kwanza 1861 naye akawemo kama mbunge, japo siasa hakuzipenda.

Kipara Ngoto

Huyo ndo alipiga opera kufungua mfereji wa Suez si ndiyo

Mzee wa Ramani

Hiyo imeenea sana ila sio. Mfereji ulifunguliwa Novemba 1869, na jumba la opera la Cairo lilifunguliwa mwezi huohuo kwa Rigoletto, ni ya Verdi lakini ya zamani. Opera unayoisema ni Aida, hiyo ndo khedive Ismail, mtawala wa Misri, aliagiza, akalipa faranga 150,000, ikachelewa kwasababu mapambo na mavazi yalikwama Paris iliyokuwa imezingirwa na Waprusia, ikapigwa Cairo tarehe 24 Desemba 1871. Verdi mwenyewe hakwenda.

Alipokuwa mahututi hotelini Milan Januari 1901 watu walimwaga majani makavu barabarani nje ili magari ya farasi yasipige kelele.

chizi wa hesabu

Nimengoja weee naona siasa, mpira na watakatifu tu. Giuseppe Piazzi, padri, mkuu wa kituo cha nyota Palermo. Usiku wa 1 Januari 1801, wenzie wanasherehekea karne mpya yeye yuko kwenye darubini, akaona kinyota kinachohama mahali usiku hadi usiku. Ndo Ceres, kitu cha kwanza kugunduliwa kati ya Mars na Jupiter, kipenyo kama kilomita 940. Akakifuatilia mpaka Februari akaugua, kikapotelea kwenye mwanga wa jua, hakuna aliyejua kitatokea wapi. Kijana wa Kijerumani wa miaka 24 anaitwa Gauss akakaa na vile vipimo vichache vya Piazzi akapiga hesabu, na Desemba mwishoni wakakikuta karibu kabisa na aliposema. Piazzi alitaka kiitwe Ceres Ferdinandea kumfurahisha mfalme Ferdinando, wazungu wengine wakagoma, Ferdinando akakatwa.

Na Giuseppe Peano, 1889, huyu ndo alikaa chini akaandika kanuni chache tu ambazo namba zote za kuhesabia unaweza kuzijenga kutoka humo, kila namba ina inayoifuata na kadhalika. Baadae akachukua Kilatini akakinyofoa sarufi yote ili dunia nzima ikitumie kama lugha moja, na kuna kipindi akawa anaandikia makala za hesabu kwa hicho Kilatini chake. Hakikushika.

jeshi_stars

Sawa chizi. Na huyu Conte wa juzi aliyekuwa waziri mkuu si Giuseppe pia?

Mzee wa Ramani

Ndiyo, Giuseppe Conte, profesa wa sheria ambaye kabla ya 2018 hata Waitaliano wengi walikuwa hawamjui, akatolewa chuoni akapewa nchi. Yeye ndo alitangaza Machi 2020 Italia nzima ijifungie kwa korona. Ila umaarufu wake mwingine ni wa 2019, Trump aliandika Twitter kumpigia debe abaki madarakani, akamwita "Giuseppi", na i ya mwisho. Kwa Kiitaliano hiyo inasomeka kama wingi, kwahiyo watani wakasema Trump kawapigia debe kina Giuseppe wote.

Rossonero1899

Isipokuwa Baresi mkubwa 😂